Ufundi wa Ndege Huanzia Darasani



Kila aliyeishi Mvumi anayajua makorongo. Korongo halizaliwi likiwa korongo. Huanza kama njia nyembamba ya ng'ombe waendao kunywa maji, au mfereji mdogo uliochorwa na mvua za kwanza. Mwaka wa kwanza mtoto huuruka mfereji huo akicheza. Baada ya miaka kadhaa mtu mzima hushuka ndani yake asionekane. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo mifugo iliondolewa katika tarafa ya Mvumi mwaka 1986. Lilikuwa jambo chungu kwa Mgogo, ambaye ng'ombe kwake ni akiba, ni mahari na ni heshima. Lakini ardhi ilikuwa imekwisha kupasuka kiasi ambacho dawa nyepesi haikutosha tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvumi ilifundishwa maneno hayo na ardhi yenyewe.

Maneno hayo hayo ndiyo msingi wa kazi ambayo pengine haitajwi sana katika shule za tarafa hii, nayo ni kazi ya fundi wa kiunzi cha ndege. Mwanafunzi akiulizwa anataka kuwa nani, na akawa anapenda ndege, atajibu kwamba anataka kuwa rubani. Ni jibu zuri, wala hapana sababu ya kulikejeli. Lakini rubani hupewa ndege iliyokwisha kukaguliwa. Kabla yake wamepita mafundi wa injini, mafundi wa umeme na vyombo vya kuongozea, na fundi wa kiunzi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwili wenyewe wa ndege, yaani mabawa, mkia, mbavu na ngozi yake, hauna ufa, hauliwi na chumvi, wala haukuungwa ovyo.

Ili kazi hii ieleweke, hapana budi kwanza kufahamu jinsi ndege inavyojengwa. Tembe la Kigogo husimama kwa nguzo na boriti. Udongo wa ukutani huzuia upepo na baridi, lakini hata ukibomoka, paa hubaki juu, kwa kuwa uzito wake wote umebebwa na miti. Kibuyu ni kinyume chake. Hakina nguzo ndani. Ganda lenyewe ndilo linalobeba maji, na ganda likipasuka hakuna kibuyu tena. Ndege kubwa ya abiria ina kitu cha tembe na kitu cha kibuyu. Inazo mbavu na boriti nyembamba ndani, lakini ngozi yake ya nje nayo hubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Mzigo huo si mdogo. Ndege ikiwa juu sana, hewa ya nje ni nyepesi mno kwa binadamu kupumua, kwa hiyo hewa husukumwa ndani ya chumba cha abiria. Hewa hiyo huisukuma ngozi ya ndege kutoka ndani kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa tani 5 kwa kila mita moja ya mraba. Ndege inaposhuka, nguvu hiyo hupungua. Inapopaa tena, hurudi. Hivyo kila safari ndege huvimba kidogo na kunywea, mfano wa kifua cha mtu anayepumua. Na kama vile waya unaokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika hata kama mkono unaoukunja hauna nguvu, bati la ndege nalo huchoka. Uchovu huo huanzia mahali padogo, aghalabu kwenye ukingo wa tundu la ribiti, kwa ufa ambao jicho la kawaida halioni.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa misiba. Mwaka 1954 ndege mbili za Kiingereza za aina ya Comet zilipasuka angani karibu na Italia, moja mwezi Januari na nyingine mwezi Aprili, na watu 56 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bati lilikuwa limechoka mapema kuliko wahandisi walivyokadiria. Tangu hapo ukaguzi wa nyufa ukawa sehemu ya lazima ya maisha ya kila ndege.

Hata hivyo ukaguzi ni kazi ya watu, na watu husahau. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Boeing 737 ya Shirika la Aloha iliyokuwa ikiruka kati ya visiwa vya Hawaii ilipasuka paa ikiwa angani, na kipande cha ngozi yake chenye urefu wa zaidi ya mita 5 kikang'oka. Mhudumu mmoja wa kike alinyakuliwa na upepo na kupotea. Kwamba ndege ile ilitua na watu wengine wote wakiwa hai lilikuwa jambo la ajabu. Ilikuwa imekwisha kuruka karibu safari 90,000, nyingi zikiwa fupi fupi, juu ya bahari, katika hewa ya chumvi. Watumishi wa hapa wanaosafiri kati ya Dar es Salaam na Unguja watatambua kwamba hali hiyo si ya Hawaii peke yake. Baada ya ajali, abiria mmoja alisema kwamba alipokuwa akipanda ndege aliuona ufa karibu na mlango, ila hakumwambia mtu.

Lakini msiba unaostahili kuelezwa kwa kirefu zaidi mbele ya walimu na watumishi ni ule wa Japani.

Mwezi Juni 1978, ndege aina ya Boeing 747 ya Shirika la Ndege la Japani iligusisha mkia wake chini ilipokuwa ikitua Osaka. Ukuta wa nyuma, ule unaozuia hewa ya chumba cha abiria isitoke kuelekea mkiani, uliharibika. Mafundi wa kampuni iliyoitengeneza ndege hiyo walikuja kuukarabati. Maelekezo yalikuwa wazi: vipande viwili vya ukuta viungwe kwa bamba moja zima, ili mzigo ugawanywe katika safu za ribiti zilizokusudiwa. Kwa sababu fulani bamba lile halikuwekwa zima. Lilikatwa likawa vipande viwili. Kwa macho, kazi ilionekana imekamilika na ribiti zote zilikuwapo. Lakini palipotakiwa safu mbili zibebe mzigo, sasa ulibebwa na safu moja tu. Kisha gundi ya kuzibia ikapakwa juu, na kosa likafunikwa.

Ndege ile ikarudishwa kazini. Iliruka safari zaidi ya 12,000 kwa muda wa miaka saba, na kila safari ilivimba na kunywea, na ufa ukazidi kutembea kutoka ribiti hadi ribiti, kama korongo litembeavyo kutoka mvua hadi mvua. Tarehe 12 Agosti 1985, dakika 12 hivi baada ya kuondoka Tokyo ikiwa na watu 524, ukuta ule ulipasuka. Hewa iliyotoka kwa kishindo iling'oa sehemu kubwa ya mkia na kukata mabomba yote ya mafuta yanayoendesha usukani wa ndege. Marubani walipigana nayo kwa zaidi ya nusu saa, kisha ikaanguka mlimani. Watu 520 walikufa, wanne waliokoka. Hadi leo hakuna ajali ya ndege moja peke yake iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Ndugu walimu, kosa hilo halikutokana na elimu ya juu iliyokosekana. Waliofanya kazi ile walikuwa mafundi wa kampuni kubwa kuliko nyingi duniani. Hesabu iliyohusika ni hesabu ya mzigo kugawanywa kwa mbili badala ya moja, na mtoto wa shule ya msingi huiweza. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusimama na kusema: kazi hii siyo iliyochorwa, ifumuliwe ifanywe upya. Tena alikosekana mkaguzi wa kuona hivyo kabla gundi haijapakwa na karatasi haijatiwa sahihi.

Basi ni nini anachofundishwa kijana anayetaka kuwa fundi wa kiunzi cha ndege? Kwanza hufundishwa kupima. Chukua ribiti yenye unene wa milimita 4. Kanuni ya kawaida ya ufundi huu ni kwamba katikati ya tundu lake pawe mbali na ukingo wa bati kwa angalau mara mbili ya unene huo, yaani milimita 8. Kama mabati mawili yanayoungwa yana unene wa milimita moja kila moja, urefu wa ribiti utakuwa unene wa mabati, yaani milimita 2, pamoja na mara moja na nusu ya unene wa ribiti, yaani milimita 6. Jumla milimita 8. Ikishagongwa, kichwa kinachofanyika upande wa pili kiwe na upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 2. Kikiwa kipana mno, ribiti imepondwa. Kikiwa chembamba, haijashika. Katika vyote viwili huondolewa, tundu hukaguliwa, na kazi huanza upya. Hapana fundi wa ndege anayesema "itafaa tu."

Pili, hufundishwa kutafuta kisichoonekana. Kuna rangi inayopakwa ikapenya ndani ya ufa na kuufichua. Kuna vyombo vya umeme na vya mawimbi ya sauti isiyosikika, na kuna eksirei, ndugu ya ile inayotumika hospitalini kuangalia mifupa. Kuna pia njia ambayo kila mama anayenunua chungu mnadani anaijua. Mama hukigonga chungu kwa kidole na kusikiliza. Kizima hulia, chenye ufa hunong'ona. Ndege za siku hizi hazitengenezwi kwa bati peke yake. Boeing 787, ambayo Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu, tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo zikiachana, nje hapaonekani kitu. Basi fundi, pamoja na vyombo vyake vya kisasa, hugonga taratibu kwa kinyundo kidogo na kusikiliza kama yule mama wa mnadani.

Tatu, hufundishwa kusoma. Kila aina ya ndege ina kitabu chake cha matengenezo, nacho kimeandikwa Kiingereza. Fundi asiyetofautisha neno la "kabla" na neno la "baada" katika lugha hiyo ni hatari hata kama mikono yake ni ya dhahabu. Kukipenda Kiswahili hakumzuii mtu kujifunza Kiingereza barabara. Kinachofaa kulaumiwa ni tabia ya kukariri maneno bila kujua maana yake, katika lugha yoyote.

Historia ya Tanzania inaonyesha gharama ya kutegemea mafundi wa mahali pengine. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikuwa na makao na karakana zake kubwa Nairobi. Chuo cha usafiri wa anga kilikuwa huko huko Embakasi tangu mwaka 1954, na chuo cha urubani cha Afrika Mashariki kikafunguliwa Soroti, Uganda, mwaka 1971. Shirika lile lilipovunjika mwanzoni mwa 1977, Tanzania iliunda shirika lake mwezi Machi mwaka huo huo. Jina jipya na rangi mpya vilipatikana haraka, lakini fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi hapatikani kwa tangazo la serikali. Ndege inapolazimika kupelekwa ng'ambo kwa matengenezo makubwa, taifa hulipa kwa fedha za kigeni, na ujuzi hubaki kule kule ilikotengenezwa.

Hatua zimechukuliwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimeanzisha mafunzo ya uhandisi wa matengenezo ya ndege. Leseni za mafundi hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa kufuata kanuni za kimataifa zinazotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kwa kanuni hizo, mwenye kuomba leseni awe amefikisha umri wa miaka 18, na kwa leseni ya ndege nzima awe amefanya kazi hiyo kwa miaka minne, au miwili ikiwa amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwa maneno mengine, cheti cha chuo peke yake hakimpi mtu haki ya kutia sahihi kwamba ndege iruke. Sahihi hiyo huchumwa kwa jasho.

Tena mambo yamesogea karibu na Mvumi. Uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma umetekelezwa, na mwaka 2022 liliwekwa jiwe la msingi la uwanja mkubwa wa ndege wa Msalato, upande wa pili wa mji. Ndege ndogo za Shirika la MAF zilikuwa na kituo Dodoma kwa miaka mingi, zikipeleka waganga na wahubiri katika vijiji ambako gari halifiki. Na tangu Januari 2024 mtaala mpya wa sekondari umefungua mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi husoma ufundi kama somo lenye heshima yake, na si kama adhabu ya kushindwa.

Yapo maswali ya haki yanayoweza kuulizwa. Je, taifa lina ndege ngapi hata watoto wa Mvumi wahimizwe kuelekea huko? Ni kweli kwamba nafasi si nyingi, na kumwahidi kila mtoto kazi ya ndege ni kumdanganya. Lakini anayejua kupima kwa sehemu ya milimita, kuunga bati, kusoma mchoro na kutambua ufa, mikono yake haikai bure. Treni ya umeme ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, nayo inahitaji mafundi wa namna hiyo. Mabasi, matangi ya maji, mitambo ya visima na vifaa vya hospitali vinawahitaji. Ndege ni kipimo cha juu. Aliyekaribia kipimo hicho hata asipokifikia, amekwisha kuwa fundi bora.

Swali la pili ni la vifaa. Shule nyingi hazina karakana. Hilo ni kweli, na wenye dhamana ya bajeti hawana budi kulisikia. Karakana isiyo na tupa, keekee wala kipimio ni chumba tu. Hata hivyo zipo pia shule ambazo vifaa vililetwa vikafungiwa stoo ili visiharibike, mpaka vikaharibika kwa kutu. Mwalimu anayeogopa kuulizwa kwa nini tupa imechakaa ana haki ya kuogopa ikiwa mkaguzi humuuliza hivyo. Basi na mkaguzi abadili swali: aulize kwa nini tupa ni mpya mwaka wa tatu.

Swali la tatu ni la wasichana. Kazi ya kiunzi cha ndege haihitaji mabavu. Inahitaji subira, jicho, na mkono mwepesi. Binti anayesuka ukili kwa mistari iliyo sawa, au anayegundua ufa wa chungu kwa sikio, ana mwanzo mzuri kuliko kaka yake mwenye pupa. Kumwambia kwamba bati na nyundo si vyake ni kasumba, na taifa haliwezi kumudu kutupa nusu ya akili zake.

Lakini liko jambo lililo kubwa kuliko karakana, wala halihitaji bajeti. Mtoto hujifunza ukweli wa kazi kabla hajaijua kazi. Mwalimu anapotia vema kwenye jibu lisilo sahihi kwa kuwa amechoka, mtoto hujifunza kwamba alama na ukweli ni vitu viwili. Msimamizi anaponong'ona majibu katika chumba cha mtihani ili shule isiwe ya mwisho wilayani, darasa zima hujifunza kukata bamba vipande viwili na kupaka gundi juu. Kosa hilo halilii siku ile. Laweza kusafiri kwa miaka saba, likiwa na karatasi zote safi, kabla halijapasuka.

Vivyo hivyo kwa mtumishi wa ofisini. Anayetia sahihi kwamba kisima kimekamilika bila kukiona kikitoa maji, au kwamba darasa limejengwa kwa saruji iliyotakiwa ilhali hakufika, anafanya kazi ile ile ya mkaguzi wa mwaka 1978. Tofauti ni kwamba paa la darasa huwaangukia watoto wachache, na ndege huwaangukia wengi. Mbele ya mzazi aliyefiwa, tofauti hiyo haina maana.

Na raia wa kawaida asijitoe. Abiria yule wa Hawaii aliuona ufa akanyamaza, huenda kwa kudhani kwamba wenye kazi wanajua zaidi. Watoto wafundishwe kusema wanapoona, na wakubwa wajifunze kusikiliza bila kuuliza kwanza, "Wewe ni nani?" Katika karakana nzuri ya ndege, mwanagenzi wa siku ya kwanza akisema ameona ufa, kazi husimama.

Ndugu walimu, huenda mtoto mmoja tu kati ya wote waliomo madarasani Mvumi leo ndiye atakayefika siku moja chini ya bawa la ndege, akiwa na taa mkononi, akitafuta ufa kwenye safu ya ribiti. Hajulikani ni nani. Kwa hiyo hapana njia ila kuwafundisha wote kana kwamba ni yeye: wapime sawasawa, wasome wakaelewe, na wakikosea waseme wamekosea. Jioni atakapotia sahihi yake kwenye karatasi, watu wasiomjua watapanda ndege ile na watoto wao, wafunge mikanda, na wasinzie.